Panya wa darini si uchafu wako, na ile sumu ya mtaani si dawa

(Sehemu ya 1 hadi ya 8. Soma zote, ukimaliza mpe na baba watoto.)

SEHEMU YA 1

Kina mama, leo sileti habari za chanjo wala uji wa lishe. Leo tunapanda darini.

Unayajua haya. Saa saba usiku, mtoto ndiyo kwanza amelala, ghafla juu ya kichwa: krr, krr, krr. Halafu mbio, kutoka upande wa choo mpaka juu ya kitanda chako. Unagonga dari kwa mpini wa fagio. Kimya dakika mbili. Wanaanza tena kama hujasema kitu. Asubuhi unakuta vinyesi juu ya kabati la vyombo, mfuko wa unga umetobolewa pembeni, na nguo ya mtoto uliyoianua jana imetafunwa.

Mchana anapita kijana na kipaza sauti: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto! Unatoka haraka haraka, unampa buku lake, unarudi ndani umeifumbata ile pakiti mkononi jirani asiione.

Hapo kwenye kuifumbata ndipo ninapotaka tuzungumze. Nina ugomvi na vitu viwili. Wa kwanza ni na ile pakiti. Wa pili ni na aibu inayokufanya uinunue kimyakimya. Na nitakwambia wazi: ule wa pili ndio mkubwa.

SEHEMU YA 2: Nani alikwambia panya ni uchafu wako?

Wifi akija akasikia kishindo darini, anageuka kutazama masufuria. Mama mkwe akiona kinyesi cha panya anauliza, "Hivi humu ndani huwa mnafagia saa ngapi?" Mume naye: "Wewe na kuacha makombo." Hakuna hata mmoja anayetoka nje akaangalia juu, pale bati linapokutana na ukuta.

Basi toka wewe. Kama ni mchana, toka sasa hivi na simu yako mkononi. Simama pembeni ya nyumba utazame juu. Bati lina mawimbi, ukuta umenyooka. Kila wimbi la bati linapopita juu ya ukuta linaacha uwazi kama nusu mwezi. Hesabu hizo nusu mwezi, upande huu na upande ule. Zingine fundi aliziba kwa mchanga na saruji kidogo, zingine aliziacha akaenda kwenye kazi nyingine.

Sasa sikia. Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye tundu la milimita 6, yaani tundu linaloingia kalamu ya risasi. Panya mkubwa anatosheka na tundu linaloingia kidole gumba. Kwa hiyo ule uwazi unaouona pale juu kwao ni geti, tena halina mlinzi.

Panya anayependa dari, kwa jina la kitaalamu Rattus rattus, utamjua kwa masikio yake makubwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili. Kupanda ndiyo kazi yake. Anapanda ukuta usiopigwa lipu, bomba la maji, waya wa umeme, tawi la mwembe lililolalia bati. Hakuja kwako kwa sababu jana hukuosha sahani. Amekuja kwa sababu darini kuna joto, kuna giza, paka hafiki, na mlango uko wazi. Makombo yanamnenepesha, hilo sikatai. Lakini aliyemwingiza ni mlango, na mlango ule hukuujenga wewe.

Na kama umepanga, kuna jingine. Katika nyumba nyingi za kupanga, kuta za ndani zinaishia usawa wa dari. Juu ya dari ni ukumbi mmoja mrefu kutoka chumba cha kwanza mpaka cha mwisho. Wewe mama wa chumba namba tatu hata upige deki mara tano kwa siku, panya aliyezaa juu ya chumba namba sita ni wako pia. Halafu mtu anakuja kukuhukumu kwa masufuria!

SEHEMU YA 3: Aibu ikifika wodini

Zamu moja ya jioni tulimpokea mtoto wa miaka miwili. Mate yanamtoka mfululizo, jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kinakoroma. Mama anaulizwa mtoto amekula nini. Anasema embe. Anaulizwa tena. Embe. Mume amesimama pale, mama mkwe pale. Baba alipokwenda dirishani kulipia vipimo, yule mama akanishika mkono, akaninong'oneza: "Dada nesi, niliweka dawa ya panya kwenye dagaa, nyuma ya kabati. Mume wangu hajui."

Daktari alikuwa ameshaanza kuhisi kutokana na zile dalili, atropini ikaanza, na mtoto alipona. Lakini ule muda wa embe ulikuwa muda wa mapafu kujaa ute. Dakika zile zinauzwa bei ghali sana, jamani, na si kila mtoto anakuwa nazo za kulipa.

Yule mama hakuwa mwongo. Alikuwa anaogopa. Alishaitwa mchafu kwa sababu ya panya, sasa ataitwa muuaji kwa sababu ya dawa ya panya.

Ndiyo maana nasema aibu ndiyo inayonunua sumu. Mwanamke anayeogopa kuchekwa hanunui kwa kuuliza maswali. Haulizi hii inaitwaje, inawekwa wapi, mtoto akiigusa nifanye nini. Ananunua, anaficha. Na katika chumba kimoja chenye pazia katikati, pa kuficha ni palepale mtoto anapotambaa: nyuma ya kabati, chini ya kitanda, kando ya mtungi wa gesi.

Kwa hiyo wewe wifi, wewe mama mkwe, wewe baba, kabla hujamcheka mwanamke kwa sababu ya kishindo cha darini, jua kwamba kicheko chako kinaweza kuishia kwenye kile kisahani cha dagaa nyuma ya kabati.

SEHEMU YA 4: Ndani ya pakiti kuna nini?

Nikiwauliza mmenunua nini mnanijibu, "Sumu ya panya." Hilo si jina. Ni sawa na kwenda famasi ukasema, "Nipe kidonge cheupe."

Zinazouzwa kama sumu ya panya ni za aina nyingi. Nitakutajia tatu, na usome taratibu kwa sababu kila moja inaua kwa njia yake.

Ya kwanza ni dawa za shambani, zile kali za kuulia wadudu, jamii ya organofosfeti na kabameti. Hazikutengenezwa kwa ajili ya nyumba kabisa. Mtu anazitoa kwenye chombo chake, anazipima kwa kijiko, anazifunga kwenye kinailoni. Zinashambulia mishipa ya fahamu. Ndani ya dakika chache au saa chache unaona mate, jasho, kutapika, kuharisha, misuli kutetemeka, pumzi kukata. Ndiyo ile ya yule mtoto wa embe.

Ya pili ni zinki fosfaidi. Huu ni unga wa kijivu cha kuelekea weusi, unanuka kama kitunguu saumu. Ukifika tumboni ukakutana na maji na asidi unatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inakwenda kwenye moyo, mapafu na ini. Na hii, mama, haina dawa ya kuibatilisha. Tunachofanya hospitali ni kuusaidia mwili upambane.

Ya tatu ni zile zinazozuia damu isigande, kama brodifakumu na bromadioloni. Mara nyingi ni vipande au punje za rangi nzuri: nyekundu, bluu, kijani. Kwa macho ya mtoto ni pipi. Na hii ina ujanja wake. Mtoto anakula leo, leo hiihii anacheza, kesho anacheza, wewe unasema tumepona. Siku ya pili, ya tatu, hata ya tano, ndipo fizi zinatoka damu, pua inatoka damu, mkojo mwekundu, mwili una mavilio ya damu bila kugongwa popote. Dawa yake ipo, ni vitamini K, ileile ambayo watoto wachanga huchomwa wanapozaliwa. Lakini lazima tujue kwamba ndiyo hiyo aliyokula.

Sasa niambie, ile pakiti yako isiyo na jina, isiyo na mtengenezaji, isiyo na tarehe, ni ipi kati ya hizo? Hujui. Yule kijana wa kipaza sauti hajui. Na mimi nesi ninayempokea mwanao saa nne usiku nitajuaje?

Mtu asiniambie natisha watu. Afrika Kusini, mwezi Oktoba 2024, watoto sita wa mtaa wa Naledi, Soweto, walifariki. Walikuwa wamekula vitafunwa vya dukani, kama mwanao anavyokula. Vipimo vikaonyesha terbufosi, dawa kali ya shambani iliyo kwenye lile kundi la kwanza. Novemba mwaka huohuo Rais Cyril Ramaphosa alilihutubia taifa kuhusu vifo vya watoto kwa sumu, akasema wazi kwamba dawa hiyo inauzwa mitaani kinyume cha sheria kwa ajili ya kuulia panya, panya wanaozaana kwa sababu takataka hazizolewi. Angalia mnyororo huo: taka, panya, sumu ya mtaani, watoto sita kaburini. Sisi tuna taka, tuna panya, na kipaza sauti kinapita kila siku.

Hapa kwetu Tanzania dawa ya kuua panya ni kiuatilifu, na kiuatilifu kinatakiwa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA, iliyochukua kazi ya taasisi ya zamani ya TPRI kule Arusha. Kisicho na lebo, kisicho na namba ya usajili, hakina mwenyewe. Mtoto akidhurika hakuna wa kumuuliza.

SEHEMU YA 5: Na hata panya haiwamalizi

Najua jibu mlilonalo mdomoni: "Nesi, kwa hiyo tuishi nao?"

Hapana. Sijawa wakili wa panya. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitutangazia ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, watu wakitokwa damu puani: wagonjwa 20, na watatu kati yao walifariki. Ilikuwa homa ya mgunda. Vimelea vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na panya anakojoa huku akitembea. Anapita juu ya sahani zako, juu ya mfuniko wa ndoo ya maji, juu ya makopo ya maziwa dukani. Anatafuna nyaya za umeme darini, nyumba inaungua. Na mtoto mchanga aliyelala na harufu ya maziwa mdomoni na vidoleni anaweza kung'atwa. Panya lazima watoke. Ninachobisha ni njia.

Sumu ya mtaani haiwatoi. Panya ni mwoga wa kitu kipya. Anaonja kidogo, anasubiri aone tumbo linasemaje. Hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo tahadhari ndiyo kinga yake. Sumu ya kuua haraka inamwangusha mmoja au wawili, unashangilia, unapiga picha unamtumia dada yako. Waliobaki, waliolamba kidogo wakaumwa bila kufa, hawarudii tena chakula kile. Na panya jike hubeba mimba kwa wiki tatu tu, anazaa sita, saba, nane, na hao nao wakifika miezi mitatu hivi wanazaa. Geti bado liko wazi. Baada ya mwezi umerudi kwa yule kijana na buku nyingine.

Wale waliokufa nao, je? Hawafi barabarani kwa heshima yako. Wanafia darini, kwenye kona usiyofikia. Wiki nzima nyumba inanuka, nzi wa kijani wanajaa dirishani, funza wanadondoka kwenye tundu la taa. Paka wa jirani anakula maiti ya panya, naye anakufa. Kuku anadonoa chambo, na kesho kutwa kuku huyo yuko kwenye sahani ya nani?

Wazee walituambia panya anauma huku anapuliza, ndiyo maana aliyelala hasikii. Ile pakiti ni hivyohivyo. Inakupuliza kwa urahisi wa buku moja, na huku inauma.

SEHEMU YA 6: Ikitokea mtoto ameigusa

Hii sehemu ihifadhi hata kama zingine umezikataa.

Usimpe maziwa. Nasema tena, usimpe maziwa. Kila mtoto anayeletwa kwa sumu kashanyweshwa maziwa na jirani mwenye nia njema. Maziwa hayafuti sumu. Yanaweza kumpalia mtoto anayelegea, yakaingia kwenye mapafu, tukawa na matatizo mawili badala ya moja.

Usimtapishe. Usimtie kidole, usimpe maji ya chumvi, mafuta ya kula, mkaa uliosagwa wala yai bichi.

Fanya hivi:

Toa kilichobaki mdomoni kwa kitambaa. Kama imemwagika mwilini, vua nguo zote, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Wewe vaa glavu, au mfuko wa plastiki mikononi, maana sumu nyingine hupita kwenye ngozi. Kama analegea au anatapika, mlaze kwa ubavu, si chali.

Chukua pakiti. Kama hakuna pakiti, chukua kilichobaki, funga kwenye mfuko, njoo nacho. Kumbuka saa aliyokula.

Nenda hospitali hapohapo, hata kama mtoto anacheka. Umesoma kuhusu ile aina ya tatu: mtoto anaweza kucheza siku mbili huku damu yake inapoteza nguvu ya kuganda.

Na ukifika mlangoni, neno la kwanza liwe hili: "Amekula sumu ya panya." Liseme kabla ya jina la mtoto, kabla ya kadi ya kliniki, hata kama mama mkwe amesimama hapo. Na nesi yeyote atakayekugombeza wakati ule kabla ya kumshika mtoto amekosea kazi yake. Sisi manesi nasi tujisemee ukweli: wapo wenzetu ambao midomo yao ndiyo inawafanya kina mama waseme embe.

SEHEMU YA 7: Kazi yenyewe ni kuziba

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye panya methali hii si fumbo, ni maelekezo ya fundi.

Kwanza hakikisha ni panya. Kinyesi chenye ncha nyeupe ni cha mjusi, huyo mwache ale mbu. Kinyesi kinachosagika kuwa vumbi lenye vipande vya mabawa ya wadudu ni cha popo. Cha panya mdogo ni kama punje ya mchele, cha panya mkubwa ni kinene zaidi, hufika sentimita 1 na kuzidi kidogo.

Pili, tafuta njia. Panya hutembea njia ileile kila siku akiegemea ukuta, na mafuta ya manyoya yake yanaacha weusi. Ukiona mstari mweusi kwenye kona ya dari au kando ya bomba, hapo ndipo barabara yake.

Tatu, tega waliomo ndani. Mitego ya kubana, mingi kwa usiku mmoja, si mmoja kwa wiki. Itegwe ikigusa ukuta, upande wa chambo ukitazama ukutani, mahali mtoto hafiki. Chambo ni karanga iliyosagwa, kipande cha nazi iliyochomwa, au dagaa mmoja wa kukaanga. Usiku wa kwanza weka chambo bila kutega, azoee, kisha tega. Ile gundi ya panya mimi siipendi: anakaa pale siku nzima anakojoa na kulia, na mtoto mwenye udadisi ndiye anayemkuta.

Nne, ziba. Nusu mwezi za bati zijazwe mchanga na saruji, au zifungwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa kuku hautoshi, panya mdogo anapita huku anapunga mkono. Wavu wa mbu wa plastiki anautafuna usiku mmoja. Matundu ya mabomba na nyaya yajazwe waya wa chuma wa kusugulia masufuria, kisha saruji juu yake. Tambara na sponji ni godoro, umemletea la kulalia. Chini ya mlango usibaki uwazi wa kupita kalamu. Mwembe au mpera unaogusa bati ukatwe matawi, ubaki mbali na paa mita moja na zaidi.

Kazi ya kupanda juu ni ya fundi mwenye ngazi. Wewe mjamzito au mwenye mtoto mgongoni, miguu yako ibaki chini.

Tano, safisha bila kufagia. Kinyesi kikavu ukikifagia kinakuwa vumbi, unalivuta wewe na mtoto. Vaa glavu, fungua madirisha, lowesha kwa maji ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, subiri dakika tano, futa kwa karatasi au kitambaa cha kutupa, kisha piga deki. Unga, mchele na maharage viingie kwenye ndoo zenye mifuniko ya kubana. Maji ya kunywa yafunikwe. Mtoto anawe uso na mikono kabla ya kulala, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Akiumwa na panya, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, mlete tumwone na tumwangalie kuhusu pepopunda.

Kama hali imezidi na lazima sumu itumike, iwe iliyosajiliwa, yenye lebo, ndani ya kisanduku kinachofungwa, iwekwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Kwenye dagaa, ugali au unga, kamwe.

SEHEMU YA 8: Na nani alipe?

Hapa ndipo kimya kinapoingia. Mke anasema fundi ni ghali, mume anasema nyumba si yangu, mwenye nyumba anasema wapangaji wa siku hizi wachafu. Panya wengi hawachimbi shimo, wahenga walisema. Na kwa kweli wapangaji wengi hawazibi shimo: kila mtu anangoja mwenzake.

Tupige hesabu. Pakiti ya buku moja kila mwezi ni shilingi 12,000 kwa mwaka kwa chumba kimoja. Nyumba ya vyumba sita ni 72,000, kila mwaka, na panya wapo palepale. Pesa hiyo inanunua mfuko wa saruji, wavu na siku ya fundi, kisha inabaki kazi ya kudumu. Kwa hiyo hatukosi pesa ya kuziba. Tunaichanga kila mwezi, ila tunamchangia yule kijana wa kipaza sauti.

Wewe mwenye nyumba unayesoma hapa, paa ni lako. Kodi ya miezi sita unaichukua mkono mmoja. Uwazi uliouacha fundi wako ni deni lako, si la mwanamke anayepiga deki chini yake. Kuziba nusu mwezi za bati ni rahisi kuliko kuja kutoa pole.

Wewe mpangaji, usiende peke yako. Kaeni vyumba vyote, pigeni picha zile nusu mwezi, mtumieni ujumbe mmoja wenye majina yote. Kama hamjui mwanzie wapi, chukueni huu:

"Shikamoo mzee. Sisi wapangaji wako wa vyumba vyote sita tunakuarifu kuwa panya wanaingia kupitia uwazi kati ya bati na ukuta. Picha tumeambatisha. Tuna watoto wadogo, na hatutaki kuweka sumu ndani. Tunaomba ulete fundi azibe ndani ya wiki mbili. Kama haupo karibu, turuhusu tuziba sisi, tukuletee risiti, gharama ikatwe kwenye kodi inayofuata. Tunaomba jibu lako kwa maandishi. Ahsante."

Hakuna tusi humo, wala kelele, na hakuna atakayesema mama Fulani ana kiherehere, maana mmesaini wote. Akikataa, chukueni picha na ujumbe huo mpeleke kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Ofisa afya wa kata naye hayupo kwa ajili ya kukagua migahawa tu.

Na wewe baba. Najua umepewa simu usome na umefika hapa kwa shingo upande. Sikuombi ufagie, ingawa hata kufagia hakuui. Nakuomba Jumamosi upande ngazi au umlete anayepanda. Na leo usiku muulize mkeo kwa upole: "Humu ndani kuna sumu yoyote umeiweka?" Akisema ipo, usifoke. Mwambie ahsante kwa kuniambia. Kisha vaa glavu, ikusanye yote, ifunge kwenye mifuko miwili, iweke juu na mbali kabisa na watoto mpaka umuulize ofisa afya pa kuipeleka. Usiitupe jalalani, jalalani kuna watoto wa wenzako.

Mama, kishindo cha darini hakina cheo wala hakichagui nyumba. Kipo kwa mwenye jipsamu na kwa mwenye dari la maboksi. Ukisikia tena usiku wa leo, usijifiche. Asubuhi piga picha, sema kwa sauti, waite jirani. Sumu ya mtaani inaishi kwa kimya chetu.

Mtumie mama mwenzako mwenye mtoto anayetambaa. Jumatano nitakuja na mafuta ya taa na dawa ya kuoshea choo ndani ya chupa za soda. Na hiyo nayo mniandalie maneno, maana najua mtabisha.

Nesi wenu.